Kasoro 11 na bei ya fundi: shajara ya matengenezo ya nyumba

Siku ya 1

Mradi huu umezaliwa na hasira. Mwezi uliopita nilimwita fundi wa kazi ndogo ndogo abadilishe mpira wa bomba la bafuni. Alikaa dakika 20, akanitoza malipo ya saa mbili. Wiki mbili baadaye nikamwita tena, safari hii mlango wa stoo. Dakika 35, na tena malipo ya saa mbili. Yaani nimelipa saa nne kwa kazi isiyofika saa moja. Nililipa, nikanuna, na nikajiona nimeibiwa mchana kweupe.

Halafu nikajiuliza kama kweli ninajua ninacholipia ninapomlipa fundi. Sijui. Nyumba ina kasoro nyingine zinazongoja, kwa hiyo nitazitengeneza zote huku nikiandika kila saa na kila malipo.

Sitataja fedha yoyote humu, maana bei hubadilika kutoka mahali hadi mahali na msomaji akiiona tu ataanza kulinganisha na ya kwake. Nitatumia kipimo changu: malipo ya saa moja ya yule fundi wa kwanza nitayaita fungu 1. Nakisia nyumba nzima itanigharimu mafungu 8. Nayaandika hapa ili baadaye nisijidanganye.

Siku ya 2

Nimezunguka nyumba na kalamu, utepe wa kupimia na simu ya kupigia picha. Nilidhani nina kasoro sita. Ziko 11:

1. Bomba la jikoni linadondosha.
2. Tangi la choo linajaza maji bila kukoma.
3. Mlango wa chumba cha kulala unakwaruza sakafu.
4. Kitasa cha mlango wa nyuma kinakwama.
5. Soketi moja sebuleni imelegea.
6. Doa la maji kwenye dari ya varanda.
7. Rafu mbili za kutundikwa (ziko sakafuni tangu sikumbuki lini).
8. Silikoni ya pembeni mwa bafu (ule utomvu unaoziba mwanya kati ya beseni la kuogea na ukuta) imeota ukungu na kubanduka.
9. Ufa ukutani, kama mita moja na nusu.
10. Mlango wa kabati la jikoni umening'inia.
11. Fimbo ya pazia imeng'oka upande mmoja.

Mbili nilizipima, kwa udadisi tu. Chini ya bomba la jikoni niliweka jagi kuanzia saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi, nikakuta lita 2.7. Hiyo ni lita 7.2 kwa siku, zaidi ya lita 200 kwa mwezi, kutoka kwenye tone nililozoea hata kutolisikia. Kwenye tangi la choo nilitia rangi ya chakula, nikaacha bila kuvuta maji. Dakika 15 baadaye rangi ilikuwa imeteremka kwenye bakuli. Maana yake mpira wa kuzibia chini ya tangi haufungi, na maji yanapita usiku na mchana kimyakimya.

Siku ya 4

Nimezigawa kasoro. Namba 10 ni yangu: skrubu za bawaba zimekula mbao na tundu limepanuka. Nimejaza tundu kwa vijiti vya kiberiti vilivyopakwa gundi ya mbao, nikaviacha vikauke, nikavikata juu, nikafunga skrubu upya. Imeshika. Gharama yake ni ndogo mno, haifai hata kuhesabiwa.

Namba 6 nilitaka kumpa fundi apake rangi juu ya doa. Nashukuru nilipanda ngazi kwanza. Mfereji wa maji ya mvua ukingoni mwa paa umejaa majani, maji yanafurika na kurudi ndani. Ningepaka rangi, doa lingerudi na mvua inayofuata nami ningelipa mara ya pili. Nimeuzibua mwenyewe, na dari nitaiacha hadi mvua inyeshe nione.

Namba 5 hataigusa fundi wa kazi ndogo, wala mimi. Nilipoweka kiganja karibu na ile soketi nilihisi joto, na plastiki yake imegeuka rangi ya kahawia upande mmoja. Waya uliolegea hupitisha umeme kwa shida, na shida hiyo hugeuka joto. Nyumba huungua hivyo. Nimezima breka ya soketi hizo kwenye kisanduku cha umeme, nitamtafuta fundi umeme mwenye leseni.

Zimebaki nane za fundi.

Siku ya 6

Nimewaandikia mafundi wanne ujumbe uleule, kwa picha zilezile na vipimo vilevile. Nilitegemea namba nne za kulinganisha. Nimepata majibu manne yasiyolinganishika.

Wa kwanza, yuleyule wa bafuni, anatoza kwa saa: fungu 1 kwa saa, kila safari si chini ya saa mbili. Vifaa ananunua yeye na kuongeza asilimia 20 juu ya risiti. Anakisia saa 10 hadi 12, “tutaona tukianza”.

Wa pili ametoa bei ya mkupuo: mafungu 15, “pamoja na vifaa vidogo”. Nimemuuliza vifaa vidogo ni vipi. Amejibu: vya kawaida. Nimemuuliza kama kitasa ni cha kawaida. Hapana, kitasa ni changu. Mpira wa choo? Inategemea. Anataka nusu ya malipo kabla ya kuanza.

Wa tatu anatoza kwa siku, mafungu 6.5 kwa siku nzima na 4 kwa nusu siku. Anaona ni kazi ya siku mbili, yaani 13. Vifaa ninunue mimi. Huyu kabla ya kutaja bei aliuliza maswali saba, mojawapo likiwa kama ukuta wa rafu ni wa tofali au ni wa mbao zilizofunikwa kwa ubao. Sikujua. Akaniambia niugonge kwa kifundo cha kidole: ukilia kama ngoma ni mtupu ndani.

Wa nne amesema mafungu 5, kila kitu, anakuja kesho. Hakuuliza hata swali moja. Nimemshukuru nikamwacha.

Nimekaa na zile tatu hadi usiku. Bei ya saa inaonekana nafuu, lakini kila kitakachoharibika katikati kinanirudia mimi: skrubu iliyokatika, bomba lisilofunguka, foleni dukani. Bei ya mkupuo inamtupia fundi mzigo huo, naye si mjinga, anauongeza kwenye bei kabla hajauona. Bei ya siku iko katikati. Kwa kweli kila fundi amenijibu swali moja tu, nani atabeba yasiyojulikana, na kila mmoja amelijibu kwa namna yake.

Siku ya 7

Nimempigia wa tatu. Nilikuwa nimejiandaa kupunguza bei, kisha nikabadili swali nikiwa nimeshamsalimia: “Fundi, nikifanya nini mimi, siku zako zitapungua?”

Akacheka. Akasema wateja wengi humwambia apunguze, wachache humuuliza hilo. Akanitajia: niondoe vyombo chini ya sinki na nguo kwenye chumba chenye mlango mbovu; nitoe silikoni ya zamani mwenyewe, maana ni kazi ya subira kuliko ufundi; vifaa vyote viwe ndani ya nyumba kabla hajafika. “Hapo tunamaliza kwa siku moja na nusu, bosi.” Yaani mafungu 10.5.

Nilipomgusia ile hasira yangu ya dakika 20, hakuniunga mkono. Alinihesabia wiki yake: asubuhi za kwenda kukagua kazi ambazo hazipati, barabara, mafuta ya gari, drili iliyoungua, bima, kodi, kurudi bure pale kitu kinapoharibika tena, na siku ambazo simu hailii. “Saa unayonilipa inabeba na zile ambazo hakuna aliyenilipa.” Basi zile dakika 20 zilikuwa safari nzima: kufunga virago, kuja, kuegesha, kurudi. Mimi nilitazama saa ya ukutani.

Tumeandikiana makubaliano, ukurasa mmoja tu. Orodha ya kazi nane, nani ananunua nini, nani anaondoa takataka, nusu ya malipo mwisho wa siku ya kwanza na nusu baada ya kujaribu kila kitu pamoja, na siku 30 za kurudi bila malipo kitu alichokigusa kikisumbua. Likizuka jambo jipya, anasimama na kuniita kabla ya kuendelea. Hakupinga hata kimoja. Nimetenga akiba ya asilimia 20, kama mafungu 2.1.

Siku ya 9

Manunuzi. Nimetumia saa tatu na nusu, na nimekosea mara mbili.

Kosa la kwanza: nilinunua mipira midogo ya bomba la jikoni, kama ile ya bafuni. Bomba la jikoni ni la mkono mmoja, halina mpira wa namna hiyo. Ndani yake kuna kartriji yenye sahani mbili za kauri zinazosuguana. Nimerudi dukani nikanunua kartriji. Kosa la pili nitalieleza siku likifika, maana leo silijui bado.

(Hiyo sentensi ya mwisho nimeiongeza siku ya 11.)

Silikoni ya bafu nimeikwangua jioni. Saa mbili za kupiga magoti. Kwa kweli hapa niliokoa fedha kidogo na kupoteza mgongo.

Siku ya 11

Fundi amefika saa 2 kamili asubuhi. Nilikuwa na daftari na saa ya kuhesabu, nikamwambia wazi kwamba naandika. Hakujali.

Jambo la kwanza alilofanya lilinishangaza: hakwenda kwenye bomba wala choo, alikwenda kwenye ufa. Aliupanua kwa kisu ukawa na mdomo kama herufi V, akafuta vumbi, akalowesha kidogo, akajaza tabaka la kwanza la puti. Kisha akauacha. Puti hunywea inapokauka, kwa hiyo kujaza mara moja hadi juu ni kujidanganya. Angeanza na bomba, ufa ungemla siku ya tatu kwa kusubiri tu. Kumbe mpangilio wa kazi ndio unaoamua idadi ya siku, na hilo halionekani kwenye makadirio yoyote.

Mlango wa chumba: nilikuwa nimeuandika “kupunguza kwa randa chini, kupaka rangi”. Hakutoa randa. Aliuinua kidogo kwa mkono, akanionyesha bawaba ya juu ikicheza. Skrubu zilikuwa fupi, zimeshika fremu nyembamba peke yake. Alitia skrubu ndefu zinazofika kwenye mbao nene iliyo nyuma ya fremu, mlango ukapanda. Dakika 25. Angenitii mimi, angenikatia mlango mzima usio na kosa.

Sasa kosa la pili. Kartriji niliyonunua ni ya milimita 40. Bomba langu ni la 35. Zote mbili ni za kawaida na kwenye rafu ya duka zinafanana kama mapacha. Kisanduku nilikuwa nimekifungua, duka halikukubali kuipokea tena. Fundi alitaka kwenda mwenyewe. Nikaona kila dakika atakayokuwa barabarani naikata kwenye siku niliyoinunua. Nikaenda mimi, kartriji ya zamani ikiwa mfukoni, yeye akaingia kwenye choo. Tangu leo sinunui kifaa bila kubeba mkongwe wake.

Hesabu ya siku, dakika 480:

– kazi yenyewe, mikono kwenye kitu: 270
– kutandaza vifuniko, kushusha na kupanga vifaa: 45
– kukagua na kuzungumza nami: 50
– kutafuta bomba kuu la kufungia maji na vikwazo vingine: 40
– chakula: 45
– kusafisha: 30

Saa nne na nusu za kazi ndani ya siku ya saa nane, na sikumwona akizembea hata kidogo. Zile dakika 40 za vikwazo, nusu yake ni zangu: sikujua maji ya nyumba yangu yanafungiwa wapi. Bomba kuu lilikuwa nyuma ya sanduku la viatu.

Nimelipa nusu, mafungu 5.25.

Siku ya 12

Nusu siku. Tabaka la pili la puti, msasa, rangi ya kugusia. Kitasa, rafu, fimbo ya pazia. Alitumia pimamaji kwenye rafu, nami nikajivuna kwamba nilikuwa nimeshapiga alama za penseli. Alama zangu zilikuwa zimepotoka kwa sentimita moja.

Kisha bafu. Alishika bomba la silikoni, akabonyeza kigae kimoja kwa kidole gumba, akaliweka chini. Akaniita. Vigae sita vya safu ya chini vinacheza, na plasta nyuma yake imelowa kama biskuti iliyochovywa chai. Maji yalikuwa yakipita pale silikoni ilipobanduka, sijui kwa miaka mingapi.

Akanipa njia mbili. Apake silikoni leo, ipendeze, na baada ya miezi vigae vianguke vyenyewe. Au aving'oe vigae sita, ukuta ukauke, arudi kuweka upya: nusu siku nyingine, mafungu 4. Akiba yangu ni 2.1.

Nimekaa juu ya ukingo wa bafu kama dakika kumi. Kulikuwa na sauti kichwani ikisema fundi anajitengenezea kazi. Lakini kidole changu mwenyewe kilizama kwenye ile plasta. Na kama angetaka kunila, silikoni ilikuwa mkononi mwake. Angeipaka, angelipwa, na asingejulikana. Nimekubali. Vigae vimeng'olewa, feni inapuliza ukuta.

Tumepita kazi saba pamoja, kila bomba, kila kitasa. Nimemalizia mafungu 5.25.

Siku ya 14

Fundi umeme. Fungu 1.5 kwa saa, si chini ya saa mbili: 3. Alikaa dakika 40. Waya ulikuwa umelegea kwenye skrubu yake, ganda lake limeungua sentimita kadhaa. Alikata hadi kwenye shaba safi, akaweka soketi mpya, na muda uliobaki akapima soketi nyingine za sebuleni kwa sababu nilimwomba. Saa mbili nimezinunua, acha nizitumie. Safari hii sikununa.

Siku ya 20 na 21

Ukuta umekauka. Tatizo: gundi ya vigae inahitaji kukaa hadi kesho yake kabla ya kujaza katikati ya vigae, na silikoni inangoja hayo yakauke pia. Hizo ni safari tatu ndani ya nusu siku moja niliyokubaliana nayo. Nikamwambia fundi aje saa yoyote akipita, ufunguo uko kwa jirani. Ana kazi mtaa wa pili wiki hii, kwa hiyo siku ya 20 alikuja jioni kubandika, siku ya 21 asubuhi akajaza grauti akiwa njiani. Mafungu yakabaki 4. Kama ningeng'ang'ania saa maalumu, asingekubali, na ningemwelewa.

Silikoni aliniachia mimi, akanifundisha jambo moja ambalo peke yake lina thamani ya fungu: jaza bafu maji kwanza. Bafu likiwa na maji hushuka kidogo kwa uzito na mwanya hupanuka. Ukipaka likiwa tupu, siku ya kwanza ya kuoga silikoni inavutwa na kubanduka. Nimejaza, nimepaka, nimeacha saa 24 ndipo nikatoa maji. Mstari wangu umeparuzika kama njia ya konokono, lakini haupitishi tone.

Siku ya 32

Choo kimeanza tena kunong'ona. Rangi ya chakula, dakika 15, bakuli limegeuka bluu. Fundi alikuja siku ya pili yake, akakuta kipande kidogo cha uchafu kimekaa kwenye ukingo wa mpira. Dakika kumi. Hakutoza, hakulalamika, na wala sikuhitaji kumkumbusha ukurasa wetu.

Siku ya 40

Hesabu nzima. Fundi: 10.5 na 4, jumla 14.5. Fundi umeme: 3. Vifaa: 5.2, pamoja na kartriji ya milimita 40 iliyolala kwenye droo. Jumla mafungu 22.7. Siku ya 1 nilikisia 8.

Kwa upande mwingine, ningeendelea na mtindo wangu wa zamani, kuita fundi kila kitu kikiniudhi, kazi nane zingekuwa safari nane za mafungu 2 kila moja, 16, na ufa usingekubali safari moja. Hapo bado vile vigae. Nimelipa 10.5 kwa kazi hizohizo. Tofauti hiyo haikutokana na kumbana fundi. Bei yake ya siku sikuigusa hata kidogo. Ilitokana na kumfanya afungue virago vyake mara mbili badala ya mara nane.

Na kuna saa zangu mimi. Nimezijumlisha: 14, kati ya orodha, simu, duka, mfereji, kukwangua na ile silikoni ya konokono. Sijui niziweke upande gani wa hesabu. Kukwangua, nikirudia, nitamwachia fundi. Orodha na vipimo, kamwe.

Mvua imenyesha juzi usiku kucha. Doa la dari halikukua, kwa hiyo Jumamosi nitalipaka rangi na kulifuta kwenye orodha. Kwenye mlango wa jokofu nimebandika karatasi mpya: bawaba ya dirisha la jikoni, na ngazi moja inayolia. Zikifika tano au sita nitampigia fundi.